Mgeni wa Dolores Kuzmiak

"Alifika lini?" Bernadine Hudak aliuliza kwa mara ya tatu.

"Jumanne, tarehe nne," akajibu Dolores Kuzmiak, naye kwa mara ya tatu. "Akapata ajali Alhamisi. Siku mbili tu, dada. Siku mbili, na balaa lote hili!"

Bernadine akaandika. Miaka ishirini na miwili ya kuchunguza madai ya bima ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu mkweli akiulizwa mara tatu hutoa majibu matatu yanayopishana kidogo. Husahau siku, hujisahihisha, hugombana na mumewe kama ilikuwa asubuhi au jioni. Anayejibu neno kwa neno amekariri. Na huyu mama, maskini, alikuwa amekariri vibaya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walikuwa jikoni kwa Dolores. Mezani kulikuwa na unga kila mahali, kwa sababu Dolores, mjane wa miaka sitini na sita, alikuwa akitengeneza pierogi, vijisambusa vya kuchemsha, za kuuza Ijumaa kwenye ukumbi wa zimamoto. Alikata unga uliokandwa kwa mdomo wa glasi, akaweka donge la viazi na jibini katikati, akakunja, akafinya kingo. Vidole havikusimama hata alipokuwa anadanganya.

Mwisho wa meza alikaa mgeni mwenyewe, Rex Tolliver, mtu wa Ohio. Miaka sitini na tisa, futi sita na zaidi, mikono kama makasia, na macho yenye ukungu wa mtoto wa jicho. Tangu ajali hakuwa amenyoa ndevu.

"Bwana Tolliver, unalala wapi hapa?"

"Sebuleni. Kwenye sofa."

"Naweza kuiona?"

Dolores akawahi kusimama. "Nitakuonyesha mimi."

Mambo yenyewe hayakuwa magumu kueleza. Tarehe sita Novemba, Rex aliazima pikapu ya Dolores kwenda kuchukua unga. Penye alama ya kusimama hakusimama, kwa kuwa hakuiona. Akaligonga gari la Anita Bellisario, mpishi wa shule, na Anita akakatwa mguu. Wakili wa Anita amewashtaki wote wawili: Rex kwa kuendesha, Dolores kwa kumpa ufunguo huku akijua kabisa kwamba Rex haoni vizuri. Rex hana cha kunyang'anywa. Dolores ana nyumba hii, basi.

Bima ya Rex ya kule Ohio ilikwisha Julai, siku alipouza gari lake. Ikabaki bima ya Dolores peke yake. Na mkataba wa Dolores, kama mingi ya Pennsylvania, ulikuwa na kifungu ambacho watu hawakisomi mpaka siku ya msiba. Mgeni akiazima gari kwa ruhusa yako, awe ametoka jimbo lolote lile, kampuni italipa. Lakini mtu anayeishi nyumbani kwako, si ndugu yako wa damu wala si mwenzi wa ndoa, na hukumwandikisha jina, huyo akishika usukani kampuni hailipi kitu.

Kwa hiyo kazi ya Bernadine ilikuwa swali moja tu. Je, Rex ni mgeni au ni mkazi?

Sebuleni palikuwa na sofa, na pembeni yake sanduku la safari lililofunguliwa, soksi zikichungulia. Juu ya sofa kulikuwa na blanketi. Bernadine akaliinua. Lilikuwa bado na mistari ya kukunjwa dukani, imekaza kama imepigwa pasi.

Na sofa yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Lo! Mtu wa futi sita alale hapo siku mbili, siku ya tatu angehitaji kuitiwa daktari.

"Hulala amejikunja," Dolores akasema haraka.

"Sikuuliza, mama."

"Najua. Nakwambia tu."

Bernadine hakubishana naye. Blanketi jipya si ushahidi, na hakuna sheria inayomkataza mtu kujikunja. Ukweli ni kwamba mambo mengi yalimsaidia Dolores. Rex alikuwa bado na leseni ya udereva ya Ohio. Na mji mzima wa Kessler Run ulijua kwamba alikuwa rafiki wa uwindaji wa marehemu Walter Kuzmiak, na kwamba kila Novemba kwa miaka thelathini alikuja kuwinda kulungu. Mtu anayekuja kila mwaka majira yaleyale, huyo ni mgeni kuliko wageni wote. Bernadine alikuwa ameshaanza kuiandika ripoti hiyo kichwani, na alikuwa anaitakia heri.

Akaomba kutokea mlango wa nyuma, aipige picha nafasi ya kuegesha pikapu. Na hapo ndipo alipoliona koti.

Lilitundikwa kwenye msumari pamoja na makoti mengine, kubwa, la rangi ya chungwa, la kuwindia. Limegeuzwa ukutani, mgongo nje. Katikati ya mgongo kulikuwa na kifuko cha plastiki kilichobanwa kwa pini, na ndani yake leseni ya kuwinda. Siku hizi sheria hailazimishi mtu kuivaa mgongoni, lakini wazee wa huko bado wanaivaa hivyo, hutawaambia kitu. Bernadine akavaa miwani.

Rex Tolliver. Imetolewa tarehe kumi na nne Oktoba. Aina: mkazi wa Pennsylvania.

Akasoma mara ya pili. Leseni ya mkazi hapewi mtu aliyeshuka jana. Sharti uwe umeishi jimboni siku sitini kamili kabla ya kuomba. Siku sitini kabla ya tarehe kumi na nne Oktoba ni katikati ya Agosti.

Akapiga picha moja, akaenda zake.

*

Leseni za uwindaji mjini hapo hutolewa kwenye duka la vifaa la Gwen Sobol, mwanamke anayeongea huku anapima misumari.

"Rex? Ndiyo, nilimpa mimi," Gwen akasema. "Kwani ana kesi nyingine?"

"Alithibitisha vipi kwamba anaishi hapa?"

"Alileta bili ya simu na ile barua ya posta ya kubadilisha anwani. Vyote kwa Dolores. Barua ya posta ilikuwa ya tarehe tatu Agosti, nakumbuka kwa sababu nilihesabu siku kwa vidole. Mie sitaki kugombana na watu wa wanyamapori."

Bernadine alikuwa amekuja na tumaini moja dogo, kwamba Rex aliidanganya serikali ili apate leseni ya bei ya wenyeji. Huo ungekuwa uongo mzuri. Faini kidogo, asiwinde miaka miwili, nyumba ya Dolores ipone. Sasa barua ya posta ililizika tumaini hilo.

"Alisema chochote?"

Gwen akaacha kupima. "Nilimtania. Nikamwambia, 'Haya, mtu wa Ohio, miaka thelathini tunakutoza bei ya wageni, leo umekuwa wa kwetu?' Mzee mzima akatoa machozi hapo ulipo. Nikaona aibu mimi."

"Nani mwingine anajua kwamba anaishi pale?"

"Weee! Uliza nani hajui! Dolores anafikiri amemficha. Anamtoa kwa mlango wa nyuma, kanisani wanakaa benchi mbalimbali, na sisi sote tunaangalia juu darini. Ni mambo yao, wamezeeka, wana upweke. Nani amchome mwenzake?"

"Na Leonard?"

"Leonard Kuzmiak? Anapita pale kila asubuhi akienda misa. Yule ana macho, mama, tena mazima."

Bernadine akafunga daftari taratibu. Leonard alikuwa mdogo wake marehemu Walter, yaani shemeji yake Dolores. Alikuwa pia wakala wa bima wa Kessler Run, wakala wa pekee, na aliuza bima za kampuni moja tu: Bima ya Mabonde Matatu, kampuni ya Bernadine.

Akakaa ndani ya gari lake dakika nzima bila kuwasha injini, akipanga hoja. Wakala wa kampuni moja ni sikio la kampuni. Alichokijua yeye, kampuni imekijua. Na kampuni iliyojua kwamba kuna mkazi asiyeandikwa, ikahuisha mkataba na kupokea ada, haiwezi leo kugeuka na kusema haikuambiwa. Kama Leonard alijua kabla ya kuhuisha, kile kifungu hakina meno.

Aliwasha gari akiwa na haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatumaini kitu.

*

Ofisi ya Leonard ilitazamana na kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na moja, suti ya kijivu, nywele zimechanwa kwa maji. Jumapili ndiye aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka.

"Usinizungushe, Leonard," Bernadine akasema. Walijuana siku nyingi. "Ulijua?"

"Zima hicho kidude cha kurekodi kwanza."

"Sijakiwasha."

Leonard akautazama mlango, kisha akakaa. "Tangu Agosti. Nilimwona anafyeka majani. Mtu hafyeki majani kwenye nyumba aliyokuja kutembea."

"Na tarehe mosi Oktoba ukahuisha mkataba wa Dolores."

"Nilimpigia simu, kama ninavyompigia kila mteja. Nikamwuliza, 'Shemeji, kuna chochote kimebadilika nyumbani?' Akanyamaza. Nikasikia mwanaume anakohoa nyuma yake. Halafu akasema, 'Hapana, shemeji, kila kitu kiko vilevile.' Nikamwambia, 'Haya, tutaonana Jumapili.'"

"Hukumwuliza zaidi?"

"Ningemwuliza nini? 'Huyo anayekohoa ni nani?' Mke wa kaka yangu?"

Bernadine akavuta kiti karibu. "Nipe kauli hiyo. Kama ulivyoisema, na kinasa sauti kimewashwa. Dakika tano, na nyumba ya Dolores imepona. Anita Bellisario naye analipwa."

"Na mimi wananinyang'anya leseni yangu ya uwakala."

"Watakunyang'anya. Sitakudanganya."

"Waichukue hata leo, nimechoka nayo." Akavua miwani, akafikicha macho. "Si hilo. Kauli hiyo itasomwa mahakamani, parokia nzima imekaa. Mimi, mdogo wake Walter, nisimame mbele za watu niseme shemeji yangu aliweka mwanaume ndani, na kaburi la kaka yangu halijapata hata jiwe? Amejitahidi sana kunificha, Bernadine. Unajua anavyojitahidi? Akinipikia Jumapili anaficha viatu vya yule bwana kwenye mashine ya kufulia. Niliviona."

"Atapoteza nyumba."

"Usiniambie hivyo."

"Nakwambia, kwa sababu ndivyo ilivyo."

Leonard akavaa tena miwani. "Akisema mwenyewe kwamba nilijua," akasema hatimaye, "nitatia sahihi chini ya maneno yake siku hiyohiyo. Neno lake likiwa la kwanza, si mimi niliyemwaibisha. Lakini akisema sikujua, basi sikujua, na hata ukinipeleka mbele ya jaji nitasema sikujua."

"Mpigie simu basi, mwa…"

Akajikatiza. Mpelelezi anayepanga na mashahidi wakaseme nini ameua kesi kwa mkono wake. Wakili yeyote angeichana kauli hiyo vipandevipande, na Dolores angebaki mikono mitupu na jina la mwongo juu yake.

"Hukusikia nilichosema," Bernadine akasema.

"Sikusikia," Leonard akaitikia.

*

Kesho yake mchana Bernadine alikuwa tena kwenye meza ile yenye unga. Akaweka kinasa sauti katikati, akataja tarehe, saa na majina ya waliokuwepo, akamwuliza Dolores kama anakubali kurekodiwa.

"Nakubali."

Bernadine akamwekea mbele picha ya leseni.

Dolores akaitazama. Vidole vyake, kwa mara ya kwanza, vikasimama.

"Nilidanganya!" Rex akadakia kutoka upande wa pili. "Sikia, dada, niliwadanganya watu wa leseni. Bei ya wageni ni kubwa, nikasema naishi hapa. Kumbe sikai. Andika hivyo! Andika Rex Tolliver ni mwongo na mwizi, nitatia sahihi!"

"Tarehe tatu Agosti ulihamishia barua zako hapa, Bwana Tolliver. Bili ya simu inakuja hapa. Chumba chako cha kupanga kule Ohio ulikirudisha tarehe thelathini na moja Julai. Nilizungumza na mwenye nyumba asubuhi hii."

Mikono ile mikubwa ya Rex ikaanguka mapajani.

"Ungenunua ile ya wageni, mzee wangu," Bernadine akasema. Hakupaswa kulisema hilo.

"Ningenunua," Rex akasema. "Miaka thelathini nimewinda na wale jamaa nikiwa na karatasi ya mgeni mgongoni. Nilitaka mara moja kabla sijafa nipite mbele yao na ile nyingine. Upuuzi mtupu. Nimeiuza nyumba ya Dolores kwa karatasi."

"Nyamaza, Rex," Dolores akasema kwa upole. Akafuta mikono kwenye aproni, akakigeukia kinasa sauti kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Anaishi hapa tangu Agosti. Halali kwenye sofa. Lile blanketi nilinunua siku ya pili baada ya ajali. Basi, nimesema."

"Kwa nini hukumwandikisha kwenye bima?"

"Kwa sababu kumwandikisha ni kumwambia Leonard." Akacheka, kicheko kikavu. "Hapa mjini hakuna mwingine anayeandika majina hayo. Ningempigia shemeji yangu nimwambie, 'Ongeza jina la mwanaume, anaishi kwangu'? Alinipigia Oktoba akaniuliza kama kuna kilichobadilika. Neno lilikuwa mdomoni hapa. Nikashindwa."

Ameshafika, Bernadine akawaza. Hatua moja tu imebaki. Utaratibu ulimruhusu kuuliza, na haukumruhusu kusema kwa nini anauliza. Akaitengeneza sauti yake iwe ya kawaida kabisa.

"Mama Kuzmiak. Mbali na wewe kumwambia au kutomwambia, je, wakala wako, Leonard Kuzmiak, alijua kwa njia yoyote kwamba Bwana Tolliver anaishi hapa?"

Dolores akainua macho. Yalikuwa yamebadilika, yamekuwa makali.

"Ahaa. Kumbe ndiko mnakoelekea."

"Nauliza tu swali."

"Hakuna swali la 'tu' hapa, bibie. Mmemmaliza Rex, mnanimaliza mimi, sasa mnamtaka Leonard? Ili mseme wakala alijua akanyamaza, mumfukuze kazi uzeeni?" Akakisogelea kinasa sauti. "Sikilizeni vizuri. Leonard hakujua. Sikumwambia mimi, na hakuna aliyemwambia. Nilimficha."

Rex akageuka. "Dolores, lakini Jumapili ile ya viatu…"

"Nimesema nyamaza!"

Utaratibu ulimpa Bernadine nafasi moja ya kurudia swali muhimu, moja tu, kwa maneno yaleyale. Akaitumia. Akaliuliza polepole, neno moja moja, akimkazia Dolores macho, akimwomba kwa macho hayo kila ambacho mdomo ulikatazwa kuomba. Fikiri, mama. Fikiri kwa nini nakuuliza mara mbili.

"Fikiria vizuri kabla ya kujibu," akaongeza.

"Nimefikiri," Dolores akasema. "Na hata ukiniuliza mara mia. Leonard Kuzmiak hakujua lolote. Naapa kwa Mungu na kwa marehemu mume wangu."

Bernadine akataja saa. Akasema kwamba kauli imefungwa. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akabonyeza, na taa nyekundu ikazimika. Alitaka kulia, na hakuwa amelia kazini tangu alipoajiriwa.

Rex alikuwa ameinamisha kichwa mezani, paji la uso ndani ya unga. Dolores akamwekea mkono mgongoni, mbele ya mtu wa nje, bila kujificha. Pengine ilikuwa mara ya kwanza.

"Sasa itakuwaje?" akauliza.

"Nitapeleka ripoti. Kampuni itakuandikia barua ndani ya siku kumi."

"Watakataa."

"Watakataa."

Dolores akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amelijua hilo tangu alipoiona picha. Akalivuta bakuli la viazi, akachukua mduara wa unga, akaanza tena kufinya kingo, kwa maana Ijumaa ilikuwa palepale.

"Niambie kitu kimoja tu, dada," akasema bila kuinua macho. "Kwa nilivyojibu pale mwisho, Leonard hataguswa?"

Bernadine alikuwa ameshika komeo la mlango. "Hataguswa."

"Afadhali," Dolores akasema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Angalau hilo nimelifanya sawasawa."